Rangi ya kiwandani: Ngao nyembamba inayoamua umri wa gari jijini Kampala

Mnunuzi anayefika katika bondi za magari za Nakawa, mashariki mwa jiji la Kampala, mara nyingi hukutana na mtihani usioandikwa popote. Mbele yake yamesimama magari mawili ya aina moja na ya mwaka mmoja. La kwanza linang'aa kama kioo na halina hata mkwaruzo. La pili limefifia kidogo juu ya paa, lina michubuko kwenye mlango na alama za kokoto kwenye boneti. Bei zao zinakaribiana. Wengi huvutwa na la kwanza, na baadhi yao hujuta kabla ya misimu miwili ya mvua kupita.

Gari lililofifia huenda bado limevaa rangi iliyopakwa kiwandani siku lilipoundwa. Lile linalong'aa huenda limepakwa upya wiki chache zilizopita, na chini ya mng'aro huo kukawa na puti, kutu au kovu la ajali. Kwa jicho la mnunuzi, lililofifia ni kuukuu na linalong'aa ni jipya. Kwa bati lililo chini ya rangi, mambo yanaweza kuwa kinyume kabisa.

Suala hili si la urembo tu. Magari mengi yanayoingia Uganda huwa yameshatumika kwingine, hasa Japani. Marekebisho ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza nchini gari lililotimiza umri wa miaka 15 tangu kuundwa kwake, lakini gari la miaka 12 au 13 bado linaruhusiwa, na mwenye kulinunua hutarajia limtumikie miaka mingine kumi au zaidi. Gari hilo limeshavuka bahari hadi Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kupitia Malaba au Busia. Linapofika Kampala, rangi yake imeshamaliza nusu ya kwanza ya safari ya maisha. Nusu ya pili ndiyo ngumu zaidi.

Ngao yenye unene wa unywele

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia kwenye chuma hadi kwenye mng'aro wa juu, kwa kawaida ina unene wa kati ya maikroni 100 na 150. Maikroni moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara elfu. Kwa maneno mengine, kinachotenganisha bati la gari na mvua ya Kampala ni utando wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, unaokaribia unene wa unywele mmoja au miwili ya binadamu.

Utando huo si kitu kimoja. Ni matabaka yaliyopangwa, na kila tabaka lina kazi ambayo jingine haliwezi kuifanya.

Kwanza, bodi tupu ya gari, kabla haijafungwa injini, viti wala nyaya, huoshwa na kuondolewa mafuta, kisha hupitishwa katika maji yenye kemikali, aghalabu fosfeti ya zinki. Kemikali hiyo huacha juu ya chuma fuwele ndogo sana zinazoipa rangi mahali pa kushika. Bila hatua hii, rangi hukaa juu ya chuma kama karatasi iliyobandikwa kwa mate.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa shughuli nzima. Bodi huzamishwa yote katika birika kubwa lililojaa rangi iliyochanganywa na maji, na umeme hupitishwa. Chembe za rangi huvutwa na umeme hadi kwenye chuma, zikaingia katika kila kona, ndani ya milango, chini ya sakafu na katika mikunjo ambayo mkono wa fundi haufiki. Tabaka hili lina unene wa maikroni 20 hivi, nalo ndilo linalozuia kutu. Baadaye bodi hupelekwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi, na rangi hiyo hukauka na kuwa ngumu.

Hata hivyo, tabaka hilo lina udhaifu mmoja: ni imara mbele ya maji na chumvi, lakini haliwezi kustahimili jua. Kwa hiyo hufunikwa kwa rangi ya msingi, ambayo husawazisha uso, hupunguza makali ya kokoto na huzuia mwanga usifike chini. Juu yake hupakwa rangi yenyewe, iwe nyeusi, fedha au bluu, ambayo mara nyingi haizidi maikroni 20. Mwisho hupakwa tabaka angavu lisilo na rangi, lenye maikroni 40 hadi 50, na gari huingizwa tena katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 140.

Tabaka hilo angavu ndilo linaloipa gari mng'aro. Ndani yake mna kemikali zinazofyonza miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua inayobabua ngozi na kuozesha plastiki. Yaani gari limepakwa kinga ya jua kabla halijaondoka kiwandani.

Kile ambacho gereji haiwezi kukirudia

Watengenezaji walichukua muda mrefu kufika hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20, rangi ya gari ilipakwa kwa brashi na kukauka kwa siku nyingi, hata wiki. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta rangi ya selulosi iliyopewa jina la Duco, ambayo ilikauka kwa saa chache na kuwawezesha watengenezaji kuuza magari ya rangi mbalimbali kwa wingi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Ford ilianza kuchovya bodi kwa umeme. Tabaka angavu la juu lilienea katika miongo iliyofuata.

Jambo linalostaajabisha ni kwamba hatua hizo zote bado zinaishi pamoja jijini Kampala. Katika maduka ya rangi na gereji za Kisekka, Katwe au Ndeeba, fundi anaweza kununua rangi ya selulosi inayochanganywa na thina na kukauka kwa hewa, iliyo ndugu wa karibu wa ile ya miaka ya 1920. Anaweza pia kununua rangi inayoitwa 2K, ambayo huchanganywa na kemikali ya kuikazia muda mfupi kabla ya kupuliziwa. Ya kwanza ni rahisi na inang'aa upesi, lakini hulainika ikimwagikiwa petroli na hufifia mapema. Ya pili ni ghali zaidi, na ikipakwa vizuri inaweza kudumu miaka mingi.

Lakini hata fundi hodari kuliko wote, awe Kampala au Tokyo, hawezi kuirudia rangi ya kiwandani kwa ukamilifu. Sababu yake haihusiani na ustadi wala uvivu. Bodi ilipakwa rangi ilipokuwa uchi. Gari lililokwisha kuunganishwa lina nyaya, mipira, plastiki, tangi la mafuta na vifaa vya kielektroniki, na vitu hivyo vitaharibika likiingizwa katika tanuri la nyuzi 160. Halikadhalika, haiwezekani kulizamisha tena katika birika la umeme. Karakana zenye vyumba maalumu vya kupakia rangi hutumia joto la nyuzi 60 hivi. Gereji ya kando ya barabara hutegemea jua na upepo, na upepo wa Kampala huja na vumbi.

Ndiyo maana sehemu iliyosuguliwa kwa msasa hadi kwenye chuma hupoteza kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha. Inaweza kutengenezwa vizuri, na ikihitaji kutengenezwa ni lazima itengenezwe. Lakini kusugua rangi nzima ya kiwandani kwa sababu tu imechujuka, ili gari liuzike haraka, ni sawa na kumvua mtu koti la mvua lililofifia na kumvika shati jipya la hariri.

Hatari huongezeka puti inapotumika kwa wingi. Puti hunyonya unyevu. Ikipakwa juu ya bati ambalo halikusafishwa kutu, au ikiachwa wazi katika mvua kabla ya kupakwa rangi, maji hubaki ndani. Miezi michache baadaye vipele vidogo hujitokeza juu ya rangi, kisha hupasuka, na kutu huonekana ikiwa imeshakula bati kutoka chini.

Jua la Ikweta, vumbi jekundu na ndege wa Kampala

Kampala iko kaskazini kidogo tu mwa mstari wa Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hali ya hewa yake ni ya wastani, na wakazi wengi hawalihisi jua kama adui. Lakini rangi ya gari haipimi jua kwa jasho. Inalipima kwa miale ya urujuanimno, na miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Adhuhuri isiyo na mawingu, kipimo cha miale hiyo mjini Kampala hufika 11 au zaidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiweka katika kundi la hatari kubwa mno kwa ngozi.

Kwa miongo mingi, watengenezaji wa rangi wamekuwa wakiweka vipande vya bati lililopakwa rangi juani katika jimbo la Florida, Marekani, ili kuona vitafifia lini. Walichagua Florida kwa sababu ina jua kali pamoja na unyevu, mambo mawili ambayo yakikutana huozesha rangi kuliko kila moja likiwa peke yake. Kampala ina yote mawili, na jua lake hupita karibu na utosi mwaka mzima, tofauti na Florida inayopata nafuu ya majira ya baridi. Gari lililoishi miaka kumi Japani, pengine chini ya paa la maegesho, huanza maisha mapya mahali ambapo kila siku ni siku ya majaribio.

Dalili za kushindwa kwa tabaka angavu huanza juu, kwenye paa na boneti, sehemu zinazotazama mbingu. Kwanza mng'aro hufifia. Kisha huonekana ukungu mweupe, na mwishowe utando hubanduka kama ngozi iliyobabuka. Ikifikia hapo, hakuna nta wala mashine ya kung'arisha itakayoirudisha.

Jua lina wasaidizi. Vumbi jekundu la barabara za murramu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi yoyote. Kulipangusa gari kwa kitambaa kikavu asubuhi, kama wafanyavyo madereva wengi kabla ya kwenda kazini, ni kulipiga msasa polepole.

Msaidizi mwingine ni ndege. Korongo wakubwa ambao Waganda huwaita kalooli wamejenga viota katika miti ya Kampala na hula taka za jiji. Kinyesi chao kina asidi na ni kingi kuliko cha ndege wa kawaida. Gari linapokaa juani, rangi hupata joto na kulainika kidogo. Jioni hupoa na kukaza, huku imekumbatia kinyesi kilichokauka juu yake. Kikiachwa siku mbili au tatu, huacha doa lenye kingo ambalo halitoki kwa maji. Dereva anayeegesha chini ya mti wenye viota ili kukwepa jua hubadilisha adui mmoja kwa mwingine.

Kiwanda nacho hukosea

Itakuwa si haki kusema kwamba kila rangi ya kiwandani ni bora. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari mengi yaliyoundwa Marekani, hasa ya rangi ya bluu, kijivu na fedha, yalianza kubanduka rangi kwa vipande vikubwa. Watengenezaji walikuwa wameacha kupaka rangi ya msingi katika baadhi ya magari. Mwanga wa jua ukapenya rangi ya juu, ukafika kwenye tabaka la chini lisilostahimili jua, na mshikamano ukavunjika.

Tatizo la namna hiyo lilijitokeza tena katika karne hii. Mwaka 2019 kampuni ya Toyota ilianzisha nchini Marekani mpango wa kutengeneza bila malipo rangi ya baadhi ya magari yake meupe, yakiwemo ya aina ya Corolla na RAV4. Ilieleza kwamba kukaa juani kwa miaka mingi kunaweza kudhoofisha mshikamano kati ya rangi ya msingi na lile tabaka la kwanza lililopakwa kwa umeme.

Habari hiyo ina maana kubwa Kampala, ambako Toyota nyeupe ni miongoni mwa magari yanayoonekana kila pembe. Gari jeupe linalobanduka vipande vipande na kuacha uso laini wa kijivu huenda halikupakwa vibaya mtaani. Kasoro yake inaweza kuwa ilizaliwa nalo. Kwa kawaida mipango ya fidia ya aina hiyo huwa na ukomo wa miaka na hufungwa na nchi ambamo gari liliuzwa likiwa jipya. Mnunuzi wa gari lililotumika upande wa pili wa dunia hurithi kasoro bila kurithi fidia.

Rangi zenyewe nazo hazizeeki sawasawa. Nyeupe hurudisha mwanga na hupata joto kidogo, ilhali bati jeusi juani linaweza kuzidi nyuzi 70. Rangi nyekundu za zamani zilijulikana kwa kuchujuka hadi kufanana na waridi, ingawa za sasa zimeboreshwa. Baadhi ya magari ya biashara yenye rangi nyeupe tupu hayakuwekewa tabaka angavu la juu. Hayo hayabanduki kama ngozi. Huota unga mweupe unaobaki kidoleni, na yanaweza kung'arishwa tena maadamu rangi haijaisha.

Nyumba njema si mlango

Je, mnunuzi asiye fundi anawezaje kuitambua rangi ya asili? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Rangi ya gari nayo husema ukweli wake mahali pasipotazamwa.

Kwanza, hati. Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, na kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa bodi na alama. Herufi A huonyesha mkwaruzo, U mbonyeo, S kutu, na P dosari ya rangi. Herufi W huonyesha sehemu iliyokwisha kutengenezwa na kupakwa, na namba inayoifuata hueleza ukubwa wa athari, kuanzia W1 hadi W3. Alama XX maana yake sehemu imebadilishwa. Gari lenye daraja la R au RA limewahi kufanyiwa matengenezo, aghalabu baada ya ajali. Mnunuzi ana haki ya kuiomba karatasi hiyo, na ni busara kuithibitisha kwa wakala mwingine kwa kutumia namba ya fremu ya gari, kwa kuwa nakala yaweza kubadilishwa.

Pili, macho. Gari litazamwe mchana, likiwa limeoshwa na kukauka, si jioni wala likiwa limelowa. Rangi ya kiwandani huwa na vinundu vidogo sana vinavyofanana na ganda la chungwa, navyo hufanana kutoka mlango hadi mlango. Mlango mmoja ukiwa laini mno au wenye vinundu vikubwa kuliko wa jirani yake, una historia. Katika rangi zenye chembe za metali, kama fedha, tofauti huonekana mtu akisimama pembeni na kuangalia urefu wa gari.

Tatu, kingo. Mnunuzi avute mpira wa mlango na kutazama chini yake. Atafute rangi iliyoruka kwenye mipira, vioo, bawaba na nyaya. Atazame bolti za boneti na za madigadi: zile za kiwandani zimefunikwa na rangi ileile ya bodi, na rangi iliyochubuka kichwani mwa bolti ni alama ya spana. Alinganishe pia rangi ya ndani ya boneti na ya nje, na rangi iliyoandikwa katika hati ya usajili. Kwenye magari ya Toyota, kibao cha utambulisho huonyesha msimbo wa rangi karibu na herufi C/TR. 040, kwa mfano, ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Gari jekundu lenye msimbo wa nyeupe lina jambo la kueleza.

Nne, mguso. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini hushika bati lenye rangi ya kawaida, lakini huteleza juu ya puti nene. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwenye bampa za plastiki wala kwenye boneti za alumini, ambazo baadhi ya magari huwa nazo. Kifaa cha kupima unene wa rangi ni bora zaidi. Kikisoma kati ya maikroni 100 na 180, pengine rangi ni ya asili. Kikisoma 250 au 300, sehemu hiyo huenda imepakwa tena. Kikivuka 1,000, kilichopo hapo ni puti.

Tano, chini ya gari. Katika maeneo ya kaskazini mwa Japani, barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Gari linaweza kuwa na paa safi na sakafu iliyoliwa. Mng'aro wa juu hauwezi kuyasema hayo, tochi inaweza.

Ni vyema kukumbuka kwamba sehemu iliyopakwa upya si ushahidi wa ulaghai. Bampa hugongwa kila siku katika msongamano wa Kampala, na kuipaka tena ni jambo la kawaida. Kinachotakiwa ni muuzaji aseme, na bei iseme pia.

Pafu la fundi

Upande mwingine wa mng'aro mpya haujadiliwi sana. Kemikali inayokazia rangi ya 2K huwa na isosianeti, ambayo ni miongoni mwa visababishi vinavyofahamika vya pumu itokanayo na kazi. Aliyekwisha kuathirika anaweza kubanwa na kifua hata kwa kiasi kidogo sana cha mvuke wake. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke huo. Mashirika ya usalama kazini hutaka mpuliziaji avae kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje ya eneo la kazi, na afanyie kazi ndani ya chumba chenye kichujio.

Katika vichochoro vingi vya gereji, kijana hupulizia rangi huku mauzo ya chakula yakiendelea hatua chache kutoka kwake. Mabaki ya thina yanayomwagwa mtaroni husombwa na mvua, na mitaro mingi ya katikati ya jiji huishia katika mfereji wa Nakivubo, unaoelekea Ziwa Viktoria. Kila gari linalopakwa upya bila sababu ya msingi huongeza mzigo huo, na anayeulipa wa kwanza ni fundi mwenyewe.

Kuitunza iliyopo

Kwa mwenye gari ambalo bado lina rangi yake ya asili, matunzo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mazoea.

Vumbi liondolewe kwanza kwa maji tele kabla kitambaa hakijagusa bati, na kitambaa kilichoanguka chini kisirudishwe juu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta yote. Shampuu ya magari ni laini zaidi. Gari lisioshwe likiwa na joto la jua. Kinyesi cha ndege kilowekwe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika chache, kisha kiinuliwe, kisisuguliwe. Nta ipakwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu jua hula nta kabla ya kula rangi.

Alama ya kokoto iliyofika kwenye chuma izibwe mapema kwa brashi ndogo na rangi ya msimbo uleule. Tundu dogo kama punje ya mtama likiachwa misimu miwili ya mvua huwa doa la kutu lenye ukubwa wa sarafu, kwa kuwa kutu hutambaa chini ya rangi kabla ya kujionyesha.

Kung'arisha kwa mashine kusifanywe mara kwa mara. Kila mara mashine inapopita huondoa sehemu ya lile tabaka angavu la maikroni 40 au 50, ambalo ndilo lenye kinga ya jua. Gari linalosuguliwa kila linapotaka kupendeza hupendeza mara kadhaa, kisha huchakaa ghafla.

Na ikiwa rangi imeharibika kiasi cha kutotengenezeka, gari lipakwe na fundi anayekubali kuulizwa maswali: anatumia rangi ya aina gani, atasugua hadi wapi, kutu itaondolewaje, na msingi utapakwa nini kabla ya rangi ya juu. Kazi nzuri ya mtaani ipo Kampala. Huchukua siku kadhaa na haiwi rahisi kwa bei, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani ikikamilika.

Arudipo Nakawa, mnunuzi ataikuta bado ile jozi ya magari. Michubuko ya gari lililofifia inaweza kuhesabiwa, na kila mmoja una bei yake ya kuurekebisha. Mng'aro wa lile jingine hauwezi kuhesabiwa mpaka avute mpira wa mlango na kuangalia kilicho chini yake.